Plagi ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeharibu gari la nesi. Kwa mkono wangu huu huu.

Mzee Taratibu, fundi wetu mkongwe, alishazifunga plagi zote nne za injini, akaondoka mapema kwenda kuchukua miwani. Mimi nikajitia ukaguzi. Macho ya mzee siku hizi hata kikombe chake anakitafuta kwa kupapasa — nikasema ngoja niitazame moja. Nikafungua ya tatu. Ilikuwa safi kabisa! Kuirudisha sasa. Nesi yuko getini na funguo mkononi, nami naharakisha. Ikaingia mshazari. Nilihisi inakaza mapema mno, na badala ya kuitoa nianze upya kwa vidole, nikaongeza nguvu. Krak. Thredi za kwenye hedi ya injini, zile nyuzi zinazoishika plagi, zikafa. Nikaisokomeza ikakaa, nikarudisha waya juu yake.

Nesi alinishukuru. Nikamwambia karibu tena.

Jumanne, 5 Machi

Gari limerudi likivutwa kwa kamba. Plagi iliruka njiani, ikagonga boneti, nesi akadhani kapigwa risasi. Hakuumia, namshukuru Mungu. Zamu yake ya asubuhi ilimpita.

Mjomba — gereji ni yake — akauliza nani alifunga plagi. Nikajibu ni Mzee Taratibu.

Si uongo. Ni yeye alizifunga.

Mjomba akashusha pumzi. Akasema habari ya yale macho aliiona siku nyingi, ila alikosa pa kuanzia.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi ya kutengeneza hedi nimepewa mimi. Eti mkono wangu umetulia!

Nimepaka grisi nzito kwenye kisu cha kukatia thredi ili chenga za chuma zinate, zisidondokee ndani ya silinda. Kuzungusha kidogo, kutoa, kufuta, kupaka tena. Halafu kompresa ipulize yaliyobaki. Ndipo nikapachika kibushi kipya, kibomba kifupi chenye thredi zake, na plagi nikaianzisha kwa vidole. Iliingia bila kuuliza swali. Jumatatu nilishindwa nini?

Mzee ndiye aliyenishikia taa. Kabla sijaanza aliingiza kidole kwenye lile tundu, akapapasa. Mke wake alimfungia chakula, hakukigusa. Nilisema moyoni, sema sasa. Mdomo ukamwomba asogeze taa kushoto.

Ijumaa, 8 Machi

Gari linanguruma vizuri. Mjomba kanisifu mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakati wa kunawa mikono Mzee akanisogelea. Akaongea polepole, kama kawaida yake.

"Mwanangu, macho nilijua yamechoka. Lakini plagi hufungi kwa macho, unafunga kwa mkono. Na mkono uliniambia imekaa sawa. Kama na mkono nao unanidanganya, basi tena."

Nikamwambia kila mtu hukosea. Mimi ndiye niliyesema hivyo! Akanishukuru kwa kumsitiri, maana hedi nimeitengeneza vizuri. Akaenda moja kwa moja kwa Mjomba kuomba aache kazi apumzike.

Nimejifunika shuka gubigubi na sabuni bado inanukia viganjani. Roho yangu mbaya. Hakuna jina jingine.

Jumamosi, 9 Machi

Niko stoo, nimekalia tairi. Nje wanamuaga. Mjomba kanunua soda. Sanduku la spana la Mzee liko juu ya benchi, kalifuta mpaka linang'aa, nasikia anasema ni langu — hao wengine watampotezea.

Nilikuja na sentensi yangu tayari. Niliikariri njia nzima: mkono wako haukukosea, mzee wangu, nilikuja nyuma yako nikaifungua. Fupi tu. Nilipomwona kavaa shati la kutokea, nikakimbilia huku.

Mjomba ananiita. Ananiita tena, sasa kwa ukali.

Mabati haya hayazuii kitu. Namsikia Mzee anamtuliza: "Mwache mtoto alie. Anasikitika kwa ajili yangu."