Alumini Haishiki Kutu

Alhamisi. Jua limeipiga Magogoni tangu asubuhi, upepo umegoma, na vidole vyangu vinanuka ukwaju. Nina hasira, ila safari hii sijui nimkasirikie nani. Hali hiyo siipendi. Mimi nimezoea kujua.

Nianze na kaka yangu Bakari, maana maudhi yangu mengi huanzia hapo. Jumapili alikuja kutujulia hali, akalizunguka gari langu, mikono kaifunga nyuma kama mkaguzi wa bandarini, kisha akachuchumaa penye gurudumu la mbele.

"Dada, gari lina kutu hili! Watu wa Likoni watasema bibi harusi tumemleta na mkokoteni. Mwache Rukia apande langu."

Rukia ni binti yangu wa pekee. Keshokutwa anapelekwa Likoni kwa mumewe, na tangu akiwa mchanga nimekuwa nikisema kwamba siku hiyo nitamwendesha mwenyewe. Gari langu ni kuukuu, sikatai. Lakini rimu zake ni za alumini.

Kutu!

Kutu ni ya chuma. Ni nyekundu na hula mpaka ndani. Alumini haishiki kutu. Ikipigwa na hewa yetu ya chumvi, na vanishi ikishabanduka, hufanya utando mweupe wa ungaunga, na Kiswahili kina neno la utando kama huo: ukoga, kama wa meno. Usiku ule niliyaandika haya yote, kwa urefu, kwenye kundi la familia. Hakuna aliyenijibu. Nikalala mshindi.

Asubuhi nikatoka nje. Rimu zilikuwa nyeupe vilevile.

Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Mama, iite kutu, uite ukoga. Mimi sipandi gari lenye mba."

Basi nikaamua kuzisafisha, na kwa kuwa siwezi kuamua jambo kimyakimya, nikatangaza kwanza hapa kwenye blogu. Mtakumbuka. Niliwashambulia wauza chupa za maji ya kijani wanaotuaminisha kwamba uchafu wetu hautoki ila kwa dawa ya ng'ambo. Niliandika kwamba wanawake wa Pwani waling'arisha vyombo kabla chupa hizo hazijazaliwa. Hapo nilikuwa sahihi. Kisha nikaandika kwamba waling'arisha kwa magadi.

Sijui nililitoa wapi neno hilo. Jikoni mimi ni mgeni wa heshima.

Jumanne nikaliosha gurudumu moja kwa sabuni, nikatoa matope na vumbi jeusi la breki, kisha nikakoroga magadi katika maji ya moto na kuipaka rimu nzima. Mwenye busara angejaribu mahali padogo. Ikatoa mapovu, ikachachatika, nami nikaisimamia kama jenerali anayeangalia mji ukianguka. Nikaimwagia maji.

Rimu ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya kijivujivu, kama kitako cha sufuria ya kuni.

Mama yangu alikuwa barazani akichambua mchele wa harusi.

"We Mwanahawa!"

"Abee, Mama."

"Umetia nini hapo?"

"Magadi."

Akaweka ungo chini. "Magadi? Kwenye alumini? Magadi hutiwa kwenye kunde, tena kunde za chungu! Sufuria ya alumini ukiitia magadi hugeuka masizi. Vitabu vyote hivyo umesoma, hamna hata kimoja cha kunde?"

Hamna, Mama.

Akanicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akasema alumini hutaka kitu kikali: ndimu, au ukwaju. Ndimu zilikuwa zimekwisha. Ukwaju ulikuwepo, ila ulikuwa wa chatne ya harusi. Alinipimia kwa mkono mzito. "Wageni watakula bajia kavu kwa ajili ya magurudumu yako."

Jana na leo nimekaa chini kwenye mkeka. Ukwaju niliuchemsha ukawa mzito, nikaupaka ungali moto, nikauacha kidogo, nikasugua kwa mswaki kwenye pembe na kwa waya wa sufuria penye weusi. Suuza, kausha, rudia. Mgongo wangu umeniandikia barua ya kujiuzulu. Lakini weusi ulitoka, kisha ule ukoga, na alasiri hii nimejiona uso katika rimu ya mbele. Nilionekana nimenuna.

Msomaji mmoja wa Changamwe ameniandikia kwamba alinifuata, na sasa sufuria ya mama mkwe wake haitazamiki. Pole sana, dada. Chemsha ukwaju ndani yake. Usimtaje aliyekushauri.

Jioni Rukia alikuja kukagua. Akainama, akazitazama zote nne, akanikumbatia shingoni. "Nitapanda, Mama. Ila Mjomba atakaa mbele, na wewe hutabishana naye. Toka hapa mpaka tuvuke feri. Ukijibu hata neno moja, nashuka napanda lake."

Nikakubali. Bakari naye akaingia uani wakati huohuo, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama kidole.

"Mashallah, dada. Kutu yote imetoka."

Rukia akanitazama. Mama akaacha kuchambua. Nikaingia ndani nikanywa maji bilauri mbili.

Hapo tulikuwa uani tu. Jumamosi kuna foleni ya feri, madirisha wazi, joto, na Bakari ubavuni mwangu hana la kufanya ila kuzisifu rimu.

Ukoga wa alumini nimeshaujulia dawa. Na ulimi nao husuguliwa kwa kitu gani?