Ile Glasi ya Divai Uliyoiona Kwenye Picha

Mama Chebet, mke wangu,

Kabla hujaichana barua hii, jua kwamba mimi ni mzima, nafanya kazi, na akili zangu ni timamu. Kikohozi cha Chebet kimeisha? Na mama yangu, goti bado linamsumbua kwa baridi ya huko Keringet? Siku ya nne leo nakupigia simu hushiki. Dada yangu ameniambia umetumiwa picha yangu nikiwa na glasi ya divai mdomoni, na kwamba umesema sina nyumba tena. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua inakuja na binamu yangu Kibet, yule wa lori la viazi. Usimfokee, yeye hana makosa.

Nitakueleza yote, hata yale ambayo hayanipendezi.

Wiki iliyopita mwenye hoteli aliingia jikoni na chupa za divai nyekundu kutoka Ufaransa. Alikuwa na wageni Jumapili mchana, akataka nitafute chakula cha kuendana nayo. Hapa Longonot hakuna anayejua nilikuwa mlevi. Sikusema siku ya kuajiriwa, na siku hiyo pia sikusema. Nilijibu tu, "Sawa, madam," kisha nikazigeuza zile chupa zitazame ukuta. Miaka sita bila pombe, Mama Chebet, na bado naziogopa.

Ningepikaje chakula cha kitu nisichoweza kuonja? Nikamwomba Njeri, mhudumu wa mezani, anionjee.

"Iko aje?"

"Chef, hii kitu ni kali! Inakausha mdomo kama strungi imesahaulika kwa moto. Halafu kuna uchachu fulani hivi wa plums."

Strungi! Mimi niliyezaliwa katikati ya majani chai nifundishwe chai ya rangi? Nikachemsha majani mpaka yakawa meusi ti, nikayaacha yapoe, nikakamulia plamu mbichi. Hiyo ndiyo iliyokuwa divai yangu. Nilishinda siku mbili nikionja nyama kwa chai baridi, wenzangu wakinicheka.

Samaki wa ziwani alikataa kabisa, mdomo ulibaki na ladha ya chuma. Nyama ya mbuzi iliyokauka vizuri, ile unayoipenda wewe, ilikuwa ukavu juu ya ukavu. Pilipili nayo ilizidisha ukali. Nikajaribu mbavu za kondoo zenye mafuta, nikazichoma polepole kwa chumvi tu, na hapo mambo yakakaa. Mafuta yanalainisha ule ukavu, nao ukali unakata mafuta, unatamani kipande kingine. Acha nijisifu kidogo: wageni walimaliza mbavu zote wakaanza kuguguna mifupa.

Ndipo wakaniita. Madam akanishikisha glasi mbele ya watu wote. "Chef, onja na sisi! Angalia huku, picha moja tu!"

Ningesema hapana. Lakini niliogopa kuulizwa kwa nini. Nikainua glasi. Harufu ilinipanda, ya matunda na moshi kidogo, mate yakanijaa. Divai ikanigusa midomo. Picha ikapigwa. Nikageuka kama anayekohoa, nikajifuta kwa aproni, nikairudisha glasi mezani ikiwa imejaa vilevile. Sikumeza hata tone. Njeri aliona, lakini sitaki mtu mwingine anitetee kwako.

Jambo ambalo Njeri hakuliona ni kwamba nilitaka kumeza. Nilitaka sana. Nilitoka nikaketi juu ya magunia ya makaa nyuma ya jikoni, nikalia. Jana nimemwambia madam ukweli wote. Amesema atafikiria, kwa hivyo hata kama bado nina kazi sijui.

Msalimie mama yangu, dada yangu, na mzee wa kanisa aliyetuombea siku niliyoacha pombe. Naye mwambie ukweli, asisikie kwa watu. Chebet mwambie baba anakuja.

Jumamosi nina ruhusa. Nitasimama nje ya mlango, sitaingia. Toka uninuse mdomo, kama ulivyofanya kila jioni mwaka ule wa kwanza, hata majirani wakiwa wanatazama. Wakati ule nilikuwa nakasirika, nakulazimisha uchuchumie kunifikia. Safari hii nitainama mwenyewe.

Mumeo,
Baba Chebet