Jina Lako Ndani ya Mashine

Kaka Othieno,

Ile mashine imetoka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hata kabla ya kunijulia hali. Imewekwa dirishani katika duka la vifaa vya muziki upande wa Kenya, na mimi nikipita hapo nageuza uso nikatazama malori.

Tuliisubiri sana. Mashine ndogo yenye betri yake, unarekodi sauti, unaikata, unaipigia ngoma juu yake, bila kompyuta na bila kuomba umeme. Ulisema tukiipata tutakwenda wenyewe hadi kijijini kwenu Mwello na kwingineko, kwa akina mama wanaoimba vizuri ila hawawezi kuacha mashamba kuja studio kwetu Busia, upande wa Uganda. Ulinieleza vitufe vyake hadi nikavijua kabla havijatengenezwa. Watu walituona wajinga. Nabwire wa Wasamia na Othieno wa Wapadhola, majina mawili yenye maana moja, wazaliwa wa usiku, wanakesha wakingoja chuma.

Na ulikuwa humwamini mtu yeyote kuhusu chuma hicho ila Mizani, yule kijana wa Nairobi anayepima vifaa vya muziki mtandaoni. Hata ulipolazwa Tororo, moyo umevimba, daktari amekuambia upumzike, wewe ulipumzika na Mizani juu ya kifua chako, simu imeegemea shuka. Kila video aliianza vilevile: "Mimi sinunuliwi. Mimi napima." Ukaniambia, "Nabwire, huyu ndiye mkweli aliyebaki. Tusinunue kitu mpaka yeye aseme."

Alipowaomba watazamaji wake wamtumie sauti za nyumbani kwao, akaahidi kuzijaribu ndani ya mashine mpya na kumtaja kila aliyetuma, wewe ulimtumia sauti ya mama yako. Ule wimbo wa kubembeleza alioutunga ulipokuwa mchanga, anaanza kwa kuita jina lako, anakuambia uje, chakula kimeiva. Ulimrekodi jikoni kwake, na mwanzoni kabisa unasikika ukimwambia, "Haya, Mama." Mizani alikujibu kwa picha ya kidole gumba. Ukanionyesha kidole hicho kana kwamba ni shahada.

Kisha ukaenda. Tukakuzika Mwello, upande wa shamba la mtama, kwaya mbili zikapokezana kuimba, na hakuna aliyekumbuka kuzirekodi.

Video ya Mizani ilitoka baada ya matanga. Niliifungua studio asubuhi moja, nikasema nitaitazama kwa niaba yako. Akaifungua boksi. Akaisifu betri, akasifu uzito, akasema ameitumia kwa wiki nyingi na amekosa kasoro. Halafu akabonyeza kitufe, na Mama akaimba.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Akabonyeza tena. Alikuwa ameikata sauti yake katikati ya jina lako, kikabaki kipande tu, Othie, Othie, Othie, na ngoma nzito chini yake. Nikangoja akutaje. Badala yake alisema kwamba sauti hizi tamu za Kiafrika zimekuja na mashine kutoka kiwandani, ukinunua unazikuta ndani. Na kabla ya kila kipande, kwa mbali, kulikuwa na pumzi. Yako, Othieno, ile uliyoivuta baada ya kusema "Haya, Mama." Hata kuifuta hakujua.

Nilitoka nje nikatapika kando ya mtaro. Yule dada anayeuza chapati jirani yetu akaniletea maji, akaniuliza kama nina mimba. Nilisukutua mdomo, nikarudi ndani.

Nilimwandikia Mizani kwa adabu, chini ya video. Akafuta. Nikamwandikia kwa siri, nikampelekea rekodi nzima aisikilize. Akanifungia. Mashabiki wake walioona maneno yangu kabla hayajafutwa wakaniita mwenye wivu, mwanamke wa kijijini anayetafuta umaarufu kwa jasho la watu. Nilisoma yote, na kinyaa kikanishika kama mtu aliyemeza nzi. Na nisikufiche, nilikukasirikia na wewe pia. Ulikuwa na masikio ya kutambua kinanda kilicholegea waya mmoja. Uliwezaje kutosikia kwamba mtu huyu ni mtupu?

Nikaenda Mwello kumwambia Mama. Nilitaka tu ajue. Alisikiliza video yote akiwa amekaa kwenye mkeka, kisha akaniuliza mtu huyu anapatikana wapi. Kwa bahati, au kwa laana, lile duka la upande wa Kenya lilikuwa limetangaza kwamba Mizani anakuja Busia kuitambulisha mashine. Mama akasema tutakwenda.

Tulivuka mpaka kwa miguu, yeye na gomesi lake, lile vazi refu la kanisani, katikati ya wabadilisha pesa na wasukuma mikokoteni. Ukumbi ulijaa vijana. Mizani ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye simu, na ana manukato mengi. Akaongea maneno yaleyale ya video, neno kwa neno, kama mtoto wa shule anayekariri shairi. Kisha akabonyeza. Jina lako likalipuka kwenye spika kubwa, na watu wakaanza kucheza. Walikuwa wanakucheza wewe, Othieno, vipandevipande, wakicheka.

Mama akasimama. Hakupiga kelele. Alianza kuimba kutoka pale kipande kilipokatikia, akaendelea na beti ambazo mashine haikuwa nazo. Waliokuwa karibu wakaacha kucheza, kisha walio nyuma yao. Mizani mwenyewe akaondoa kidole. Mama alipomaliza, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Huyu unaita kila saa ni mtoto yangu. Yeye amekufa. Wewe unataka yeye aitike?"

Unajua alichofanya? Alitabasamu. Akawaambia watu wampigie Mama makofi, akaruka chini, akamkumbatia kwa mkono mmoja huku mwingine ukiinua simu ajipige naye picha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kufikia mahali ambapo hata aibu kwake ni bidhaa. Mama aliutoa mkono ule begani kama anavyotoa kiwavi kwenye majani ya sukuma wiki.

Baadaye alituita chumba cha nyuma, sauti yake ikashuka. Akakiri kwamba mashine alikaa nayo mchana mmoja tu, hajawahi kutengeneza wimbo hata mmoja nayo, na maneno aliandikiwa na wauzaji waliomtuma. Alisema wote wanafanya hivyo. Kisha akaisukuma mashine mezani kuelekea kwangu, nichukue, yaishe.

Niliigusa, sikudanganyi. Ni nyepesi kama ulivyosema, na vitufe vyake ni laini. Mashine haina kosa lolote. Nikamwambia afute sauti ya Mama mbele yetu, kwenye mashine na kwenye mtandao, na akafuta, akikodoa macho kama mtu anayenyang'anywa. Mashine tukaiacha pale mezani.

Usidhani ameanguka. Wiki iliyofuata alitoa video nyingine, kuhusu watu wenye chuki na mafanikio ya vijana. Wafuasi wake wako palepale. Hakutaja jina lako hata kwa kukutukana. Lakini vijana wawili waliokuwa ukumbini wamenitafuta, wanataka kuusikia wimbo mzima, na mmoja ameniuliza anunue nini. Nilimwambia aje kwanza tufanye naye kazi, aguse, akosee, kisha ataamua mwenyewe.

Kaka, ninaahidi hivi. Sitamsifia mtu kifaa nisichokitolea jasho. Sitarekodi sauti ya mtu bila jina lake kutajwa mwanzoni, kwa kinywa chake mwenyewe. Na Mwello nitakwenda, betri ya gari begani ikibidi.

Pumzika sasa, rafiki yangu, wala usijilaumu kwa kumwamini mtu. Naishia hapa kwa sababu mlango umegongwa. Ni mama mmoja wa Malaba, amekuja na binti zake watatu, na wameshaanza kujaribu sauti nje.

Mimi wako,
Nabwire