Nyota Iliyoyumba Siku Tatu

Kituo cha Darubini, Hispania
9 Februari 1997

Dada Febronia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako ya msiba ilinifikia tarehe 3. Baba alikuwa ameshalala kaburini siku thelathini na saba. Nimeona aibu, dada. Mtoto wa kwanza wa kiume, sikutupa hata konzi moja ya udongo.

Bwenini nalala na Wahispania wawili na televisheni yao haizimwi. Basi tarehe 4, 5 na 6 nilikaa matanga mahali pekee penye utulivu: chumba cha spektrografu, mtambo unaochambua mwanga wa nyota ukawa rangi rangi kama upinde wa mvua. Kazi yangu ni kuingia mchana kwa dakika kumi, niongeze naitrojeni ya kupoza kamera yake, nitoke. Siku hizo nilifunga mlango, nikakaa sakafuni kwa saa mbili kila siku, nikasali rozari. Hakuna aliyeniona.

Mdogo wako,
Beatus

Mchombe
23 Machi 1997

Mdogo wangu Beatus,

Marahaba. Hatujambo, ila miguu ya mama inavimba. Mpunga umesimama vizuri, ndege tu wanatusumbua.

Mama alilia kusikia ulikaa chini peke yako. Halafu akauliza, "Nani alimpikia?" Msiba usio na sufuria jikoni mama haujui. Shangazi Eufrasia naye anauliza kama fundi majokofu huruhusiwa kuchungulia nyota, au anaishia kugandisha tu.

Usijilaumu kwa kuchelewa kupata habari. Posta ni posta.

Dada yako,
Febronia

Kituo cha Darubini
25 Mei 1997

Dada,

Shikamoo. Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi silali vizuri, na sababu nitakuandikia wewe tu.

Wataalamu wetu wanasherehekea. Wanasema wamepata sayari inayozunguka nyota ya mbali. Hawaioni kwa macho. Sayari huivuta nyota yake, nyota ikayumba, na mistari myembamba iliyomo katika rangi za mwanga wake ikasogea, kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Ndiyo maana joto la chumba kile halitakiwi kubadilika. Joto la mwili wa mtu mmoja aliyekaa humo mchana hubaki hadi usiku wa kupima, nalo linatosha kuisogeza mistari hiyo.

Bwana Aurelio, mkuu wetu, alibandika mchoro ukutani. Kila alama ni usiku mmoja wa kupima, na zote zimelala sawa, isipokuwa tatu zilizopanda juu. Nilisoma tarehe zake, nikaenda kufungua shajara yangu. Tarehe 4, 5 na 6 Februari. Ukiziondoa hizo, sayari hakuna.

Septemba wanakwenda kuitangaza mkutanoni. Agosti mkataba wangu unaangaliwa upya. Nimenyamaza wiki mbili sasa. Jana Bwana Aurelio alininunulia kahawa, akanipiga begani: "Beatus, hii ni yako pia!"

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Beatus

Mchombe
29 Juni 1997

Beatus,

Marahaba. Mama anatembea. Tumeshavuna.

Barua yako niliisomea shambani, peke yangu. Nilitaka kukujibu neno moja tu, "Kaseme." Mkono ulikataa, maana nami nina langu.

Haikuwa posta. Baba aliugua wiki tatu. Siku ya pili tu alisema, "Mpelekeeni Beatus telegramu aje." Nilikwenda posta Ifakara, nikaandika karatasi, nikafika dirishani, nikaichana. Ulikuwa umetuandikia kwamba ukiondoka kabla ya mwaka kuisha watachukua mtu mwingine. Nikarudi nikamwambia baba nimetuma, uko njiani. Kila gari liliposimama barabarani alinyanyua kichwa: "Ndiye?" Nikamjibu, "Bado, baba."

Kwa hiyo ulikaa msibani peke yako kwa sababu yangu. Mama hajui. Nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani. Na wewe mwambie huyo mkuu wenu.

Dada yako,
Febronia

Kituo cha Darubini
17 Agosti 1997

Dada Febronia,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwamba mama anatembea.

Barua yako ilifika tarehe 21 Julai. Kwenye shajara, kuanzia siku hiyo hadi tarehe 29, nimeandika neno moja kila ukurasa: hasira. Tarehe 30 nilimpelekea Bwana Aurelio shajara ya Februari, nikamtafsiria kurasa tatu.

"Saa mbili mle ndani, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa msibani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akachukua kalamu akazikata zile alama tatu, moja moja, mbele yangu. Zilizobaki zikawa zimelala sawa kama mkeka. Akasema kazi ya miezi sita imekwenda. Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

Mkataba haukuongezwa. Naondoka tarehe 22 Septemba, na kutoka Dar nitapanda treni.

Hukuniandikia mama alisema nini ile Jumapili. Najua maana ya kimya hicho, nami nilikaa nacho hapa wiki nyingi. Kama bado hujamwambia, ningoje. Twende naye kaburini sote watatu, useme nikiwapo. Nitasimama upande wako, ingawa sijui bado kama nimekusamehe.

Usijibu. Barua haitanikuta.

Mdogo wako,
Beatus