Vidole vya Mama Maria

Mke mwenzangu Monika,

Huna haya. Masika ya pili haya hujakanyaga Itetemia, shikamoo unanitumia kwa simu. Haya, marahaba. Sisi wazima, babu yako anakohoa lakini ubishi haujapungua. Mimi nasema, baba yako mdogo anaandika.

Umeuliza kama sanamu mpya ya Mama Maria inafaa kuombea mimba yako, maana ile ya zamani imeliwa na mchwa. Sikiliza. Baba yako alipokuwa mchanga alishikwa na homa, nikambeba hadi kanisani, nikaushika mguu wa ile sanamu. Vidole havikuwapo tena, vilishasagwa na mikono ya wanawake walionitangulia. Sikubanduka pale mpaka mtoto akalilia ziwa.

Basi fundi alipotuita sisi wazee tumweleze sura ilivyokuwa, tuligombana hadi aibu. Huyu anasema alitabasamu, yule anasema alinuna. Kumbe miaka yote tulikuwa tumeinama. Tulichokijua ni mguu tu. Fundi akachonga sura kama alivyojaliwa kuiwaza, na mguu wenye vidole vyote. Mama Skola akamwambia, "Visage viwe kama vya zamani."

Nikamwambia, "Wewe nyamaza. Vile vilisagwa na shida zetu. Hivi waachie wajukuu."

Najua unaogopa, kwa ajili ya ile mimba ya kwanza. Ukija usianze kwangu. Pitia kanisani, umshike Mama mguu, umwambie yote bila kuona haya, ndipo uje ule.

Bibi yako