Jino la Shabani

Jumatatu, 14 Julai

Umeme umekatika tena katikati ya kutakasa vifaa. Nimeanza upya kwa jiko la gesi. Mikono yangu ilikuwa baridi asubuhi nzima, ingawa jua la hapa Bugarama lilishawaka.

Wiki ya pili peke yangu. Miaka yote nimefanya kazi hospitali ya Kahama, daktari wa meno akiwa chumba cha pili. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: tabibu wa meno hagusi mgonjwa kama daktari hayumo jengoni. Daktari wetu, Dk. Mashauri, alikuwa akifika huku mara moja moja. Akiondoka, watu wanarudi kung'olewa kwa koleo nyuma ya maduka.

Ni mimi niliyesimama kwenye kikao cha halmashauri nikasema tuachiwe kazi tunazoziweza. Kusafisha, kuziba, kung'oa jino lisilo na matata. Likiwa gumu tunapiga simu, tunampeleka mgonjwa Kahama. Wamekubali kwa majaribio, nianze mimi. Nikiharibu, wenzangu wanaosubiri kwenda Ushetu na kwingine hawaendi popote.

Niliomba mwenyewe. Sasa naogopa.

Jumanne, 15 Julai

Benchi limejaa. Ukoga uliogeuka jiwe, meno yaliyotoboka, fizi zinazotoa damu. Mzee mmoja alichungulia nyuma yangu akitafuta daktari. Nikamwambia daktari ni mimi. Akacheka, kisha akafungua mdomo.

Nimempigia Dk. Mashauri kumuuliza jambo ninalolijua. Nilitaka tu kusikia mtu akisema ndiyo.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimejivunia kazi yangu.

Shabani, mchimbaji kutoka Kigoma. Gego la chini limeoza, wiki nyingi halali. Alikuwa amelijaza ugoro. Nimempima presha, nikamuuliza magonjwa, nikamuuliza dawa anazotumia. "Hamna, dokta. Mimi mzima kabisa." Ganzi imekolea vizuri, jino limetoka zima na mizizi yake. Ameng'ata pamba, damu imekata. Nimemwambia asisukutue, asinywe pombe, asishuke kwenye shimo la dhahabu, duara wanaliita, hadi wiki ijayo. Alinikubalia huku anatazama mlango. Kasema mkewe ni mama lishe hapo machimboni, atamtengenezea uji.

Nimelala mchana kidogo baada ya kazi. Ni mara ya kwanza tangu nihamie huku.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Muuguzi wa zahanati, Suzana, alinipokea mlangoni. Mwanamke alikuja kabla sijafika. Mumewe aling'olewa jino jana, anatema damu tangu magharibi. Suzana alimwomba anisubiri, mwanamke akasema ameacha sufuria motoni, akaondoka. Hakuacha jina.

Nilijua ni nani kabla Suzana hajamaliza.

Simu ya Shabani haipatikani. Nikampigia Dk. Mashauri. Haipatikani. Yuko Mwanza kwenye semina. Tulikubaliana simu yake iwe wazi saa zote za kazi, na bila hilo ruhusa yangu haina maana. Nikapiga, nikapiga. Suzana akatoa simu yake, akaandika namba. "Nenda kwa mgonjwa. Mimi nitaendelea kupiga."

Pamba, uzi, sindano za ganzi, taa. Bodaboda hadi machimboni.

Mkewe, Mama Zaituni, nilimkuta anapakua wali. Aliponiona alishika kichwa.

"Dokta, nimemkataza! Ameshuka. Leo zamu yao, akikosa wanamtoa kwenye kikundi."

Nikamuuliza amempa dawa gani.

"Dawa? Hajatumia dawa. Aspirini tu, zile anazomeza kila siku tangu jino lianze."

Aspirini kila siku, wiki nyingi. Damu ingegandaje? Na usiku mkewe alimwongezea nyingine kwa ajili ya maumivu. Shabani hakunidanganya. Kwake dawa ni ile ya hospitali, aspirini ya dukani ni kama chai. Mimi ni mtu wa huku huku. Nilipaswa kuuliza kwa maneno yao.

Kwenye duara walinizuia. Mwanamke hafiki mdomoni pa shimo, eti dhahabu itakimbia. Msimamizi, amejaa vumbi hadi kwenye kope, akanyoosha mkono: "Mama, ishia hapo hapo."

"Sifiki. Mtoeni nyinyi. Kuna mtu anavuja damu huko chini. Akifia humo, duara linafungwa na nyote mnakaa bila kazi."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Aliniangalia, kisha akaivuta kamba kwa ishara yao.

Wakampandisha. Shati mbele lote ni damu na vumbi. Midomo imepauka. "Dokta, samahani," akasema, "umekuja hadi huku."

Tukamlaza kwenye benchi la Mama Zaituni. Kushona fizi hakumo katika niliyoruhusiwa. Kahama nilishashona mara nyingi, lakini daktari akiwa amesimama begani kwangu. Suzana kwenye simu: daktari bado hapatikani.

Nikashona.

Mama Zaituni alishika taa. Damu ikapungua, haikukata kabisa. Gari la wagonjwa, Suzana aliloliita, likampeleka Kahama, mkewe amempakata. Wali aliuacha pale pale.

Jumamosi, 19 Julai

Sijala. Hospitali wanasema yuko wodini, ametundikiwa maji, huenda akaongezwa damu.

Dk. Mashauri amepiga mchana. Nimemweleza yote, na kushona pia.

"Tutaongea Jumanne," akasema.

Hakusema nimefanya vizuri. Hakusema nimefanya vibaya. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani midomo ilitikisika tu, sikuimba. Kichwani najitetea mbele ya watu wasiokuwepo. Nisingemng'oa, usaha ungeshuka shingoni. Nisingekuwepo, angeng'olewa kwa koleo na aspirini zile zile tumboni. Yote kweli. Hata hivyo mtu yuko kitandani kwa mkono wangu.

Suzana ameniletea michembe ya viazi na maziwa. Kaa ule, akasema, akakaa mpaka nikala.

Jumatatu, 21 Julai

Shabani ameongezwa damu. Anakaa mwenyewe.

Leo nimesafisha tu. Waliohitaji kung'olewa nimewaambia waende Kahama. Hakuna aliyeniamuru, nimejizuia mwenyewe. Mwanamke mmoja, shavu limevimba, alilia. Akajifunga kanga shavuni, akaelekea nyuma ya maduka. Nilijua anakwenda wapi. Ningeweza kumwita.

Sikumwita.

Jumanne, 22 Julai

Wamekuja. Dk. Mashauri na mratibu wa afya ya kinywa wa halmashauri, mama mpole anayeuliza bila kupepesa macho.

"Kwa nini ulishona?"

"Damu haikukata, mama."

"Uliruhusiwa?"

"Hapana."

"Ukiachiwa, kesho utafanya nini kingine usichoruhusiwa?"

Ni swali la haki. Lingenihusu mimi tu ningejua la kusema, lakini nilikuwa nawaona wenzangu wa Ushetu.

Dk. Mashauri akakohoa. "Alinipigia. Nilizima simu semina ilipoanza, nikasahau kuiwasha. Kama kuna mtu aliyevunja makubaliano, wa kwanza ni mimi." Alisema akiwa anaangalia sakafu. Nimefanya kazi naye miaka mingi, sijawahi kumwona hivyo. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa wakati mmoja.

Mratibu akaomba aone chumba, akaona vifaa, akakaa benchini na wagonjwa akazungumza nao Kisukuma. Alipoondoka alisema kung'oa kusimame hadi wakae kikao.

Nimeendelea kusafisha. Watu wanaendelea kuja. Kila ninayemrudisha namfuata kwa macho hadi anapokata kona.

Ijumaa, 25 Julai

Kikao kilikuwa leo. Hakuna simu.

Nimepiga kelele kwa Suzana bila sababu. Nimemwomba radhi. Kasema hakusikia, muongo.

Jumatatu, 28 Julai

Dk. Mashauri amepiga mapema. Tunaendelea, na kung'oa pia.

Nitakwenda Kahama nishone mbele yake hadi aridhike, kisha kushona kutaongezwa kwenye ruhusa. Simu zitakuwa za madaktari wawili, mmoja akizima mwingine yupo. Aliyeng'olewa hatoki zahanati hadi niridhike kuwa damu imekata. Na swali la dawa nimelibadilisha. Sasa nauliza hivi: kichwa kikiuma unameza nini? Jino likiuma unameza nini? Hapo wanataja vidonge vyote vya dukani.

Ushetu hawajaamua. Wanasema waone kwanza.

Nilidhani nitalia kwa furaha. Nimekaa tu kitandani na kiatu kimoja mguuni. Bado naogopa, na nadhani nitaendelea kuogopa. Nimemuuliza Suzana kuhusu yule mwanamke wa shavu. Hajamwona. Nimeuliza madukani pia. Hakuna anayemjua.

Shabani ametoka wodini. Kikundi hakikumtoa.

Alhamisi, 31 Julai

Upepo na vumbi. Wagonjwa wachache.

Mama wa makamo ametembea kutoka vijijini, jino la juu linacheza. Anameza nini likimuuma? Hamezi kitu, anasukutua maji ya chumvi. Nimeuliza tena kwa Kisukuma, jibu lile lile. Presha nzuri. Jino limetoka kwa urahisi.

Nikamwomba akae nami nje. Alikuwa na karanga kwenye kitenge, za kumpelekea binti yake. Kwa sababu hakuweza kuongea, pamba mdomoni, akanisogezea kitenge tukawa tunabangua pamoja. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Jua likahama, tukahamisha benchi kivulini.

Nilipotazama, pamba ilikuwa karibu nyeupe. Akafunga karanga zake, akakung'uta maganda, akaniaga kwa mkono.

Mimi nikaingia ndani kuosha vifaa.