Harufu ya ganda la risasi

Jumanne, tarehe 9

Nimenawa mara tatu na vidole bado vinanuka.

Chombo kimefanya kazi, angalau hilo. Ni kifimbo chenye meno, nimekikereza siku tatu pale karakana ya Katwe. Afande wa ghala la silaha aliniambia bunduki yake imelala tangu mwaka jana, ganda la risasi limekwama ndani. Nilipima mtutu kwanza, nikahakikisha hakuna risasi nzima. Meno yakang'ata, ganda likatoka taratibu.

Nikalinusa, kwa sababu harufu huniambia chuma kimelala muda gani. Lilinuka baruti iliyoungua juzi tu, si mwaka jana.

Nilipomwambia, afande alilichukua mkononi mwangu bila haraka.

"Fundi, nani mwingine amenusa?"

"Mimi tu."

Heri ningesema karakana nzima.